Senti za mwezi wa kwanza hazipimi kalamu

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika ukurasa wako wa barua tuzungumze na vijana wa Lubumbashi, Likasi na Kolwezi wanaofungua akaunti kwenye mitandao inayolipa waandishi. Wengi wao wana kalamu nzuri. Wengi wao pia huacha kabla mwezi wa pili haujaisha, na huondoka wakiamini kwamba hawana kipaji. Sisi tunaowapokea na kuwaelekeza tunajua kwamba kipaji wanacho. Walichokosa ni maelezo: fedha inatoka wapi, inagawanywaje, na mgeni ajishikilie kitu gani wakati fedha bado haijaja.

Kabla ya kuandika hata sentensi moja, fungua ukurasa wa malipo wa mtandao unaoutaka utafute orodha ya nchi. Mitandao mingi ya Marekani hulipa kupitia Stripe, kampuni ya kupitisha malipo ya mtandaoni, na Stripe haifungui akaunti kwa mtu aliyeko Kongo. Asiyejua hilo hufika siku ya kutoa fedha ndipo akute nchi yake haimo, na kazi ya miezi inabaki kuwa tarakimu kwenye skrini. Ndiyo sababu wengi wa huku kwetu huanzia Hive, mtandao wa waandishi usiouliza benki wala nchi. Hive ilizaliwa tarehe 20 Machi 2020, pale watumiaji wengi wa Steem, mtandao ulioanza 2016, walipojitenga baada ya mfanyabiashara Justin Sun kuinunua Steemit, kampuni iliyouanzisha. Tutakayoyasema ni ya Hive; mitandao mingine ina kanuni zake.

Tuanze na fedha, maana hapo ndipo mioyo inapovunjika. Hive haiwalipi waandishi kwa fedha za matangazo, na msomaji halipi chochote ili asome. Daftari lake, yaani blokicheni, hutunzwa na kompyuta nyingi kwa pamoja, huongezewa ukurasa kila sekunde 3, na sarafu mpya hutolewa humo. Asilimia 65 ya sarafu hizo mpya huingia katika mfuko wa kuwalipa waandishi na wale wanaowapigia kura. Msomaji akipenda andiko hulipigia kura, na kura ndiyo inayochota mfukoni. Lakini kura hazilingani. Uzito wake hutokana na Hive Power, kwa kifupi HP, yaani sarafu ambazo mtu amezifunga ndani ya akaunti yake. Mwenye HP 50,000 ana kura yenye uzito mara 1,000 ya kura ya mwenye HP 50. Hao wenye HP nyingi kabisa wenyeji huwaita nyangumi.

Sasa fikiria mgeni ameandika insha ya maneno 900, ameisahihisha mara mbili, ikapigiwa kura na marafiki 20 waliojiandikisha wiki iliyopita. Inaweza kuonyesha sifuri. Siku hiyohiyo mwandishi wa zamani ameweka picha ya kikombe cha kahawa na mistari mitatu, nyangumi mmoja aliyemzoea akapita, na tarakimu inasoma dola 10. Mgeni akizilinganisha hizo mbili anaona hukumu juu ya uandishi wake. Hakuna hukumu pale. Tarakimu inaonyesha nani alipita na amefunga sarafu ngapi, basi. Tunalisisitiza hili kuliko yote mengine katika barua hii, kwa sababu kijana akilielewa siku ya kwanza anaokoka na uchungu wa miezi.

Tarakimu yenyewe nayo huwadanganya wengi. Chukua andiko linaloonyesha dola 1. Senti 50 ni za waliopiga kura, senti 50 ni za mwandishi. Katika zile zake, kwa mpangilio wa kawaida, senti 25 hulipwa kwa HBD, sarafu iliyotengenezwa ili thamani yake ikae karibu na dola moja, na senti 25 nyingine hulipwa kwa HP, ambayo imefungwa. Kwa hiyo katika dola 1 iliyoandikwa pale, anachoweza kukitoa mara moja ni senti 25. Malipo huja siku 7 baada ya kuchapisha. Kura ya siku ya nane haileti kitu. Andiko lisipofikisha senti 2 kwa jumla, halilipwi kabisa. Na HP ukitaka kuifungua hutoka kwa mafungu 13, fungu moja kwa wiki, robo mwaka nzima. Bei ya HIVE, sarafu yenyewe ya mtandao huu, nayo hupanda na kushuka: Novemba 2021 ilipita dola 3 kwa muda mfupi, kisha ikaporomoka hadi chini ya senti 50. Anayekopa anunue simu akitegemea kulipa deni kwa mapato ya blogu anajitafutia matatizo. Tafadhali, vijana, msifanye hivyo.

Akaunti. Jina lina herufi 3 hadi 16 na likishasajiliwa halibadilishwi, basi usichague jina la utani utakalolionea aibu baada ya miaka mitano. Kufungua kunagharimu HIVE 3, ila mwenye akaunti ya zamani anaweza kukufungulia bure kwa tiketi anazozipata kutokana na HP yake. Akikufungulia mtu mwingine, badilisha nenosiri kuu siku hiyohiyo, hata kama ni kaka yako wa tumbo moja.

Utapata nenosiri kuu pamoja na funguo nne. Wa kwanza ni wa mmiliki, unaoweza kubadilisha funguo nyingine zote. Wa pili ni wa fedha. Wa tatu ni wa kuandika na kupiga kura. Wa nne ni wa kufungulia ujumbe wa siri. Kwa kazi ya kila siku tumia ule wa kuandika peke yake. Akiuiba mtu, atakuandikia upuuzi lakini hatagusa sarafu zako. Nenosiri kuu liandike kwa mkono kwenye karatasi mbili, uziweke nyumba mbili tofauti. Usilipige picha, usijitumie kwa WhatsApp, usilifungue kwenye kompyuta ya duka la intaneti. Hakuna ofisi ya kupigia simu ukilipoteza. Hakuna wa kukutumia lingine. Mwizi akibadilisha funguo zako una siku 30 za kurudisha akaunti, kwa sharti kwamba bado una ufunguo wa zamani wa mmiliki na aliyewekwa kuwa mwokozi wa akaunti yako anakubali kusaidia. Zikipita hizo, imekwenda.

Kuna ajali moja inayojirudia sana. Mtu anatuma sarafu, anataka kubandika maelezo ya muamala, kumbe alichokinakili mwisho ni ufunguo wake wa fedha. Unabandikwa mbele ya dunia nzima, na daftari lile halifutiki. Zipo programu zinazovizia makosa hayo na kufagia akaunti kwa sekunde chache. Kinachookoka hapo ni HP, kwa sababu mwizi naye analazimika kungoja yale mafungu 13, na sarafu zilizowekwa katika akiba, ambazo huchukua siku 3 kutoka. Kwa hiyo usiache sarafu nyingi zikizurura wazi.

Mgeni pia hushtuka anapokataliwa kuandika baada ya maoni machache tu. Akaunti haijaharibika. Kila tendo hutumia akiba ya matumizi inayolingana na HP yako, na akiba hiyo hujijaza yenyewe ndani ya siku 5. Subiri, au mwombe mwenyeji akuazime. Wengi huazima bila malipo.

Basi mtu anaingiaje, ikiwa kura za wenzake wapya hazina uzito? Kwa mlango wa maoni. Kwa kila andiko moja unalochapisha, soma mengine kumi ya watu usiowajua uache neno lenye maana chini yake. "Nzuri sana" si neno lenye maana. Wala "asante kwa kushiriki". Shika sentensi moja ya mwandishi, ongeza unachokijua, au uliza swali ambalo jibu lake unalitaka kweli. Mtu wa Venezuela akiandika kuhusu chapati zake za mahindi, mwambie unga wa bukari, ugali wetu, husagwaje hapa na unasongwaje, umuulize kwa nini wa kwao hupikwa kwanza. Atakujibu. Kesho atakuja kuona wewe ni nani. Urafiki kwenye mitandao hii hujengwa hivyo, na kura hufuata watu waliokwisha fahamiana. Tena maoni nayo hupigiwa kura na kulipwa kama andiko. Wapo wageni ambao senti zao za kwanza zimetoka huko.

Piga kura nawe, hata kama yako ni nyepesi. Kura moja kamili hutumia asilimia 2 ya nguvu ya kura, na kwa siku hurudi asilimia 20, yaani kura 10 kamili kwa siku. Ukipiga 40 kwa siku, kila inayofuata inakuwa dhaifu kuliko iliyotangulia. Chagua kumi za watu uliowasoma kweli. Usiingie katika makundi ya "nipigie nikupigie". Wenye HP wanayatambua haraka, na wanazo kura za kushusha, ambazo hupunguza malipo ya andiko hadi sifuri. Lakini hata wasipogundua, kundi la namna hiyo halina msomaji hata mmoja: watu 15 wanabonyeza bila kufungua, na baada ya miezi miwili kila mmoja anajisikia anazungumza na ukuta.

Wizi wa maandiko ndio unaofunga milango moja kwa moja. Kunakili ni wizi. Kutafsiri andiko la Kifaransa likawa la Kiswahili bila kumtaja mwenyewe ni wizi. Na jumuiya nyingi huhesabu andiko lililotungwa na mashine likatiwa jina la mtu kuwa udanganyifu vilevile. Kama unahamisha maandishi yako ya zamani kutoka Facebook, sema hivyo juu kabisa na uonyeshe kwamba ukurasa ule ni wako, la sivyo walinzi, yaani watumiaji wanaofuatilia wizi wa maandiko, watakuchukulia kuwa mwizi, na jina likishaingia katika orodha yao kulisafisha ni kazi ndefu.

Tufike kwenye jambo tunalolipenda zaidi: la kuandika. Wageni wengi huanza na sarafu za kidijitali, kwa sababu wanaona wakubwa wanaandika hayo. Hawana jipya la kusema huko, na wanachoka upesi. Vivyo hivyo andiko linalorudia kwamba TP Mazembe ilicheza fainali ya klabu bingwa ya dunia na Inter Milan mwaka 2010. Dunia nzima inalo hilo. Lakini nani ameandika siku ya mechi inavyokuwa katika barabara za mtaa wetu wa Kamalondo, wauzaji wanafika saa ngapi, nyimbo zipi zinaanzishwa na nani? Mvua za Novemba zikianza, akina mama hupanga bowa, yaani uyoga, kando ya barabara: andika fungu ni franka ngapi wiki ya kwanza na ngapi wiki ya tatu, aina ipi hupikwa na karanga, ipi huoshwa mara nyingi ili mchanga utoke, ipi wazee hukataza. Andika vitoyo, samaki wa chumvi, vinavyolowekwa kupunguza chumvi kabla ya kukutana na nyanya. Andika majakaranda yanapochanua Septemba na Oktoba, fundi wa makala, yaani mkaa, anayejua mti kwa mlio wa gogo, misalaba ya shaba ambayo mababu walitumia kama fedha na jinsi wazee wanavyoisimulia. Muulize bibi yako mji huu ulikuwaje kabla ya 1966, ulipoitwa bado Elisabethville. Mambo haya msomaji wa Manila au Caracas hayapati kwingine, na mwandishi hayamaliziki. Anayeandika anachokijua kwa mikono yake haoni haya hata tarakimu ikisoma senti 8, kwa sababu andiko limebaki na kitu ndani.

Andika kwa Kiswahili, kisha weka Kifaransa chini yake katika andiko hilohilo. Wasomaji wa Kiswahili kule ni wachache; Kifaransa kinafungua mlango, na Kiswahili kinakuweka nyumbani. Maneno 500 hadi 800 kwa lugha moja yanatosha. Maandiko mawili kwa wiki yanatosha pia. Anayechapisha kila siku huanza kuchapisha asichokiamini.

Kuhusu mega, yaani data za intaneti, na umeme: tunga ukiwa nje ya mtandao, kwenye programu ya kawaida ya kuandikia ndani ya simu, usitunge ndani ya ukurasa wa kuchapishia. Rasimu za pale hukaa kwenye kivinjari. Ukikisafisha au simu ikizimika vibaya zinapotea. Picha ya simu ina megabaiti 3 hadi 5. Ipunguze upana hadi pikseli 1,200, itashuka hadi kilobaiti 300 hivi, na haitapoteza kitu machoni pa msomaji. Tatu au nne kwa andiko zinatosha. Zima kwanza alama ya mahali katika kamera, ili nyumba yako isionekane kwenye ramani. Usipige picha kambi za jeshi, ofisi za serikali wala migodi bila ruhusa, na uso wa mtoto wa watu usiuweke bila mzazi kukubali, maana ukishauchapisha huenda usiweze kuuondoa tena mtandaoni.

Sasa kipimo. Nunua daftari la shule. Kwa kila andiko chora safu nne: nani alirudi kusoma ambaye wiki iliyopita pia alikuja, swali gani liliulizwa ambalo hukulitegemea, umejifunza nini ulipokuwa unalitafiti, na mwisho kabisa, kiasi ulicholipwa. Pembeni andika mega ulizotumia kwa franka. Usilisome daftari kila jioni. Lisome baada ya wiki 13. Kama safu tatu za kwanza zinajaa, uko njiani hata kama ya nne ni nyembamba, maana wanaorudi kusoma leo ndio watakaokuwa na HP kesho. Kama safu ya nne imejaa kidogo na nyingine ni tupu, umebahatika na kura zisizo na watu nyuma yake, na hizo hukatika bila taarifa. Na kama zote ni tupu ilhali mega zinakula fedha ya chakula, acha, au punguza hadi andiko moja kwa mwezi. Kuacha kwa hesabu hakumwachii mtu jeraha.

Wakati wa kutoa ukifika, usitoe vijisenti, ada zitavila. Ngoja zifike walau dola 20. Badilisha HBD kuwa HIVE kwenye soko la ndani la Hive, tuma HIVE kwenye soko la sarafu za kidijitali lililo nje ya Hive na linaloipokea, na hakikisha umeandika ile namba ya maelezo uliyopewa na soko hilo. Bila namba hiyo sarafu hufika zisijulikane ni za nani, na kuzidai huchukua wiki. Tuma HIVE 1 ya majaribio kwanza. Ukiuza kwa mtu atakayekulipa kwa M-Pesa, Airtel Money au Orange Money, usimwachilie sarafu kwa sababu simu imelia. Ujumbe wa kughushi ni rahisi kutengeneza. Piga namba ya huduma, angalia salio lenyewe, tena angalia ni la dola au la franka, ndipo uachilie. Mnunuzi anayekuharakisha mwache aende.

Ndugu Mhariri, tuna ombi moja kwako. Tumesema kura ya siku ya nane haileti kitu. Kwa desturi ya mtandao ule andiko huwa limekwisha siku hiyo, hata kama lina maelezo ambayo mama wa soko la Kenya, mtaa wa hapa Lubumbashi, angeyafurahia. Yeye hana mega za kulifuata huko, lakini gazeti lako linafika mezani pake. Tunaomba nusu safu kila wiki kwa andiko moja la Kiswahili lililopita siku zake 7, pamoja na picha aliyoipiga mwandishi mwenyewe. Jina liwe lile la akaunti yake, na haki zote zibaki kwake. Hatudai malipo. Kijana aliyesomwa na jirani zake ana sababu ya kuendelea ambayo bei ya HIVE haiwezi kuishusha. Tuko tayari kukuletea kila Jumatano andiko lisilozidi maneno 600, lililokaguliwa, na ridhaa ya mwandishi ikiwa imetiwa sahihi.

Wako,
Waandishi wa mtandaoni,
Kamalondo, Lubumbashi